Dinari ya nani?

Wapo wanaosema neno "dinari" limepitwa na wakati katika Biblia ya Kiswahili, na kwamba msomaji wa leo angepewa shilingi, au walau "ujira wa kutwa". Hoja yao si ya kubeza. Kijana mwenye shangazi Kuwait akisoma kwamba vibarua wa shamba la mizabibu walipatana dinari moja kwa siku, atawaza sarafu inayozidi dola 3. Aliyewahi kushika noti za Iraq atawaza karatasi ambazo hata elfu moja hazifikishi dola. Wote wamesoma Mathayo 20, na hakuna aliyemwona kibarua.

Ila dawa ya kuweka sarafu ya nyumbani imeshajaribiwa. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 waliitoa dinari wakaweka peni, ambayo enzi hizo ilikuwa ya fedha. Peni ikashuka thamani, ikaacha hata kuwa ya fedha, na leo anayesoma kwamba mtu alilima kutwa kwa peni moja humwona mwenye shamba kuwa mnyonyaji, ilhali mfano mzima umesimama juu ya ukarimu wake. (Kichekesho ni kwamba Waingereza wenyewe waliandika peni kwa herufi d, ya denarius, hadi 1971.) Shilingi yetu tungeipa miaka mingapi?

Neno lenyewe halijawahi kutulia. Kwa Kilatini maana yake ni "-enye kumi", kwa kuwa sarafu hiyo ya fedha ya Warumi ilianza kwa kulingana na asi kumi, sarafu zao ndogo za shaba. Baadaye ikapandishwa hadi asi 16, jina likabaki la kumi. Kwa Waarabu ikawa dhahabu: tangu sarafu za khalifa Abdul-Malik, mwishoni mwa karne ya 7, dinari ni gramu 4.25, na nisabu ya zaka ya dhahabu, yaani kiwango cha chini kinachoiwajibisha, ni dinari 20, yaani gramu 85. Hapo dinari si pesa tena, ni uzito. Lakini katika Qur'ani, sura ya Al-Imran aya ya 75, imetajwa kwa uchache wake: yuko utakayemwekea amana ya mrundo wa mali akurudishie, na yuko wa dinari moja tu asiyerudisha mpaka umsimamie.

Sasa rudi Mathayo 18, mahali ninapoona hasara ya kulifuta neno hili. Mtumwa amesamehewa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hiyo deni ni dinari milioni 60: kibarua wa siku 300 kwa mwaka angelilipa kwa miaka 200,000. Akitoka nje anamkaba koo mjoli wake, mtumwa mwenzake anayemdai, kwa dinari mia. Tumezoea kusikia mahubirini kwamba mia hiyo ni vijisenti. Si vijisenti! Ni miezi minne ya jasho, deni ambalo yeyote kati yetu lingemnyima usingizi. Yule mtumwa alikuwa na haki ya kuumia, na hapo ndipo mfano unapouma. Msomaji anaijua hesabu hiyo kwa sababu sura ya 20 inampa kipimo, neno lile lile, kipimo anachoweza kwenda nacho hadi kwenye mikate ya dinari 200 katika Yohana na marhamu ya dinari 300 katika Marko.

"Ujira wa kutwa" ungeibakiza hesabu hiyo, nakiri, kama mfasiri angeushikilia kila mahali. Tatizo ni Mathayo 22. Wanamletea Yesu dinari, naye anauliza sura iliyomo ni ya nani; wanajibu, ya Kaisari. Ujira wa kutwa hauna sura. Na shilingi mia yetu ina uso wa Mwalimu, si wa Kaisari.