Dodoki lisilo na nembo

Kwa mpwa wangu, twiga ni saruji. Simba naye ni saruji. Tembo, saruji, nyati, saruji. Ukimfungulia kitabu cha shule chenye picha za wanyama hao wanne, anauliza yupi anafaa kwa plasta. Kilimanjaro ni maji ya chupa. Puma ni pale baba anapojaza mafuta. Ana miaka 7, kazaliwa Tabata, kakulia Tabata, na mti pekee aliowahi kuusikia kwa jina ni ule wa konda wa daladala: "Mwembeni, kuna mtu?" Muulize Mwembeni pana nini, atakujibu bila wasiwasi: "Kituo."

Lakini usije ukamdharau. Mtoto huyu alianza kusoma kabla hajajua kusoma. Akiwa bado anabebwa alishajua nyekundu ni ya nani na bluu ni ya nani, na Tigo ilipogeuka Yas mwaka 2024, mimi ndiye niliyekuwa mshamba. Nikimwambia wakala "nitolee Tigo Pesa", yeye ananivuta shati: "Mjomba, siku hizi Mixx." Mbele za watu.

Likizo ya Juni dada yangu akanikabidhi watoto wake wawili, huyu bwana mdogo na dada yake wa darasa la tano, niwapeleke Muheza kwa bibi yao, ambaye ndiye mama yangu mzazi. Wakaone shamba, alisema. Wakapate hewa. Nami kwa kuwa nilikuwa na machungwa ya kufuata huko, nikakubali.

Kwenye basi bwana mdogo alishika dirisha. Kama umewahi kupita barabara ile utakumbuka jinsi vibanda na nyumba za kando ya lami zilivyopakwa rangi za kampuni, ukuta mzima mpaka kwenye madirisha: huyu anauza vocha, yule soda, yule hauzi chochote, alitaka tu rangi ya bure. Basi Chalinze hiyo, Mkata hiyo, Kabuku hiyo, mtoto anaita majina kwa sauti: Airtel! Coca-Cola! Azam! Twiga! (Twiga hapo ni mfuko wa saruji uliochorwa ukutani.) Hakukosea hata moja, na basi lilikuwa linakimbia. Abiria wakaanza kumshangilia. Mama mmoja akamnunulia korosho.

Tulipopita Segera, milima ya Usambara ikatokea upande wa kushoto, mirefu, ya bluu, na ukungu juu yake. Nikasema hapa ndipo. "Haya, bwana mdogo, na ule unaitwaje?"

Akautazama kwa makini, kushoto mpaka kulia.

"Ule hawajauandika, mjomba."

Mbele kidogo tukaingia kwenye mashamba ya mkonge. Akapiga kelele: "Mananasi!" Nikamweleza, tena kwa kirefu maana niliona abiria wanasikiliza, kwamba huo ni mkonge, kwamba uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, na kwamba katika miche aliyosafirishiwa ilisalimika 62 tu, ikapandwa huko Pangani, na ndiyo iliyozaa mashamba yote yale yaliyoipa Tanga jina. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mananasi ya kampuni gani?"

Dada yake hakusaidia. Huyo ni mtoto wa vitabu: anajua usanisinuru, anakuchorea jani na mishipa yake yote na mishale ya hewa inayoingia na kutoka. Lakini tulipofika kwa bibi yake na kutumwa achume kisamvu, alisimama katikati ya mihogo, majani ya mihogo yakimgusa mashavu, akauliza kisamvu kiko wapi. Naye bwana mdogo alikuwa ameshamwona paka wa bibi yake amejilaza jikoni. "Puma!" Mama akadhani ndilo jina tulilompa njiani, na paka yule anaitwa Puma mpaka leo.

Sasa nije kwenye bafu.

Bafu la mama ni la kienyeji, ua wa makuti usio na paa, jiwe la kusimamia, ndoo na kata. Jua lilikuwa limeanza kupoa. Nilikuwa na vumbi la safari, nikajimwagia maji ya kisima, nikajipaka sabuni kichwa mpaka kisigino, halafu ndiyo nikaona sina cha kusugulia. Nikaita:

"Mama! Dodoki liko wapi?"

Mama alikuwa anakuna nazi, na mtu anayekuna nazi hanyanyuki ovyo juu ya mbuzi. Nikamsikia anamwambia mjukuu wake: "Nenda huko nyuma ya ua, mume wangu, yapo yananing'inia. Chukua lile lililokauka, la kahawia, umpelekee mjomba wako."

Maelekezo ya kutosha kabisa kwa mtu yeyote aliyezaliwa Muheza. Dodoki huko ni mmea unaotambaa uani wenyewe, unazaa kitu kirefu cha kijani, kikikaukia pale pale unakimenya ganda, unakung'uta mbegu, unabaki na zile nyuzi za kusugulia mwili au masufuria. Ila mpwa wangu dodoki analolijua yeye ni lile la nailoni, la waridi, lenye kamba ya kutundikia, linalouzwa pamoja na sabuni mbili kwa bei ya ofa. Kwamba dodoki linaota, hakuwahi kuambiwa. Alichosikia yeye ni vitu vitatu: linaning'inia, limekauka, la kahawia. Na rangi ndiyo fani yake.

Akalipita dodoki. Akaenda mbele zaidi, mpakani, kwenye kichaka kilichopanda juu ya mkorosho wa jirani, akaona vichala vinaning'inia, vimekauka, vya kahawia, tena vina manyoya laini yanayong'aa jua likiyapiga. Alisema baadaye kwamba alivyoyaona yale manyoya alijua kabisa amefika: hapo ndipo povu linapotokea. Hakufikia kwa mkono. Akachukua upembo wa kuangulia machungwa, akanasa kichala kizima, akaja nacho kwa mbali, kikibembea kwenye ncha ya mti, mpaka bafuni, akakipitisha juu ya makuti.

"Mjomba, dodoki."

Nina povu machoni. Naona kitu cha kahawia kinashuka. "Ahsante, baba," nikasema, nikakipokea, nikaanza na mgongo.

Aliyewahi kuguswa na upupu hahitaji maelezo, na asiyewahi hatanielewa. Mwanzoni ni joto tu, unadhani ni sabuni mpya. Halafu ngozi inaanza kutembea. Halafu unajikuna mara moja, na hiyo mara moja ndiyo unayoijutia, kwa sababu vinyweleo vile havionekani, kila unapokuna unavipanda shamba jipya. Nilikuwa nimesugua mgongo, shingo, makwapa, na nilikuwa njiani kuelekea kwingine ambako simshukuru mtu ila Mungu kwamba sikufika.

Nilitoka na taulo. Taulo nalo lilikuwa limeegemea ukuta ule ule. Nilikata uwanja wa mama mara kadhaa, kuku wakapanda juu ya paa la jiko, Puma akaingia uvunguni. Mama akakiona kile kichala mlangoni pa bafu, akaacha nazi yake, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu mwizi wa mbuzi:

"Upupu! Usijikune! Usijikuneee!"

Uswahilini ukelele ule ni mwaliko. Majirani walifika na dawa zao. Mmoja mafuta ya nazi, mmoja udongo wa kichuguu, mmoja akasema dawa ni mavi ya ng'ombe, na alishatuma mtoto akayalete. Mama akaamua majivu. Wakanikalisha juu ya kinu kilichoinamishwa, wakaanza kunisugua majivu ya jikoni, wanawake wanne wa makamo walionijua tangu natambaa na wasioona sababu ya kuniheshimu sasa. Dakika chache tu nikawa mweupe kama mzimu, macho mekundu, taulo nimeling'ang'ania kwa mikono miwili ili nisijikune.

Hapo ndipo alipoingia mzee wa jirani, mwenye ule mkorosho. Mzee wa pwani, kanzu, bakora, hana haraka na dunia. Na salamu ni salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba, baba. Mmefika lini?"

"Leo, mzee."

"Safari je?"

"Njema." Mgongo unawaka.

"Huko Dar hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

"Kazi zinaendelea?"

"Zinaendelea, mzee, tunashukuru." Mkono umeanza kupanda wenyewe kuelekea shingoni, mama akauchapa na mwiko.

"Na joto la huko?"

"Limepungua."

"Alhamdulillahi." Akaegemea bakora yake, akanitazama majivu yote, juu mpaka chini. "Naona mnajipaka majivu. Kwema lakini?"

"Kwema, mzee. Ni upupu tu."

Baada ya magharibi tukaketi kusikiliza kesi. Mshitakiwa alisimama na upembo wake, mkono mmoja akiutia majivu maana kumbe naye alipata kidogo. Akajitetea vizuri kuliko mawakili wengi: bibi alisema linaning'inia, lile lilikuwa linaning'inia, alisema limekauka, lilikuwa limekauka, alisema la kahawia, si hilo hapo? Dada yake akasema kwa utulivu kwamba upupu ni jamii ya mikunde. Alikuwa ameusoma. Kuuona ndiyo mara ya kwanza.

"Kwani hukuona kwamba siyo?" nikamuuliza.

"Mjomba, halijaandikwa popote. Ningejuaje?"

Sikulala usiku ule, hivyo nilikuwa na muda wa kusoma kwenye simu. Nikajifunza kuwa kinachowasha katika vinyweleo vya upupu ni protini iitwayo mukunaini, na kwamba mbegu zake zina dutu ya levodopa wanayopewa wagonjwa wa Parkinson wanaotetemeka. Taarifa nzuri, lakini kwa wakati ule mimi nilikuwa nahitaji dawa ya wanaowashwa. Nikakuta pia kwamba mwaka 2002 watafiti wa Cambridge waliandika kwenye jarida la Science jinsi walivyowapima watoto wa shule huko Uingereza kwa picha: hizi za wanyama na mimea ya kwao, hizi za Pokémon, wale viumbe wa kubuni wa katuni na michezo ya watoto. Watoto wa miaka 8 waliwatambua Pokémon karibu wanane kwa kila kumi. Kwa viumbe halisi walivuka nusu kidogo tu. Nikawaonea wivu watafiti wale. Wao waliuliza kwa kadi, mezani. Hakuna aliyewatuma watoto wakawaletee kitu bafuni.

Mama ndiye aliyepata ufumbuzi, naye hakusoma jarida lolote. Asubuhi, umande ungali haujakauka na manyoya ya upupu hayajaanza kurushwa na upepo, aliwachukua wajukuu akawazungusha shamba zima. Alishaelewa mwanafunzi wake ni wa namna gani. "Huyu hasomi majani," akaniambia, "anasoma rangi. Basi tumpe rangi." Akachana kanga kuukuu, akafunga tambara jekundu kwenye kichaka cha upupu.

Bwana mdogo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Simba!"

"Hapa hakuna simba siku hizi," mama akasema, akatazama porini kidogo kwa hakika zaidi.

"Simba ya mpira, bibi."

Kisha wakafika kwenye dodoki lenyewe, maua yake ya njano yamechanua juu ya majani ya kijani. Hapo hata tambara halikuhitajika. Mtoto aliruka juu. "Yanga!"

Mama hajui mpira, lakini aliona somo limeingia, akalikazia. Kutwa nzima nikamsikia anawaimbisha: Simba je? Usiguse, inawasha! Yanga je? Inasafisha! Mzee wa jirani alikuwa anapita na jembe lake. Mzee yule ni Yanga tangu ujana wake. Redio yake ina kibandiko cha kijani. Alisimama, akaomba watoto warudie. Wakarudia. Akaenda akarudi na wenzake wawili kutoka kijiweni, wakarudiwa tena, akawapa watoto muwa mzima.

Mimi ni Simba. Sikuwa nimelitaja kwa sababu halikuhusu.

Jioni nikaenda kuoga, safari hii nimekagua taulo, nimekagua makuti, nimekagua hata ndoo. Nikajipaka sabuni polepole kwa ajili ya mgongo. Nikaita dodoki. Nikasikia miguu midogo inakimbia, ikasimama nje ya ua.

"Mjomba, nikuletee Simba au Yanga?"

Uwanjani mazungumzo yakakatika. Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Upande wa mpakani mtu akakohoa, kikohozi cha mzee.

"Yanga," nikasema, kwa sauti ya chini iwezekanavyo.

"Huku hatujasikia vizuri!" akaita mzee kutoka kwenye mkorosho wake.