Gitaa jepesi la mbao zisizozoeleka: uzito upunguzwe wapi?

Ukiinua ubao wa paulonia kwa mara ya kwanza, mkono hupanda juu kuliko ulivyokusudia. Ulijiandaa kubeba mbao, ukakuta kitu chepesi kama kadibodi. Mita moja ya ujazo ya paulonia kavu ina takriban kilo 280. Sprusi, mbao inayopendwa tangu zamani kwa uso wa gitaa, yaani ubao wa mbele unaotoa sauti, hupita kidogo kilo 400. Mpingo unazidi 1,200, na ukiutia majini unazama. Fundi anayetengeneza magitaa kwa mkono akishika paulonia mara moja tu, kichwani mwake gitaa limeshakamilika.

Wanaoshabikia magitaa mepesi ya mbao ngeni huyatetea kwa pumzi moja, na wanaoyapinga huyakataa kwa pumzi moja. Nadhani pande zote mbili zinachanganya mambo. Ugeni wa mti ni hoja yake, na wepesi wa ubao ni hoja nyingine kabisa.

Tuanze na ugeni, ambao mimi sina shaka nao sana. Mwaka 1862 fundi Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za kadibodi, akaweka uso wa mbao nzuri, kuonyesha kwamba uso ndio unaobeba kazi kubwa ya sauti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa 6 ya muundo mmoja, yaliyotofautiana kwa mbao za mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 waliyajaribu kwenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya kuchomelea ili wasizitambue mbao. Mbao ghali za Dalbergia ya Brazili (rosewood) hazikupata alama za maana kuzidi sapele au mahogani. Ongeza na sheria: Dalbergia ya Brazili imo katika Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia iliyobaki, mpingo ukiwemo, iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II, ambacho huruhusu biashara kwa vibali. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa masharti mwishoni mwa 2019, lakini fundi ananunua mbao ghafi, na hizo bado zina masharti yake.

Wapinzani hata hivyo wana neno la kusikilizwa. Sprusi ina karne kadhaa za uzoefu nyuma yake: fundi anajua itakavyosinyaa hewa ikikauka na itakavyoshika gundi. Ukichukua mfenesi, ambao mafundi wa Cebu huko Ufilipino wameuzoea, wewe usiyeuzoea unaanza shule upya. Ubavu unaweza kuvunjika ukiwa unakunjwa kwenye bomba la moto wakati kazi ya siku mbili ilikuwa inaelekea kuisha. Hiyo ni gharama halisi. Ila hulipwa mara chache za mwanzo tu.

Wepesi ndio unaonitia wasiwasi. Hoja yake ya msingi ni ya kweli: waya uliodonolewa una nguvu kidogo sana, na uso mwepesi huitikia haraka zaidi. Lakini uso unahitaji pia ugumu, na hapo hesabu inageuka. Paulonia ni nyepesi, lakini pia ni laini. Ugumu wake dhidi ya kupinda haufiki hata nusu ya ule wa sprusi. Ili ilingane na uso wa sprusi wa milimita 2.5, itabidi uiache na unene wa karibu milimita 3.4. Ukipima sasa, ile theluthi ya uzito uliyoisikia mkononi imeshuka hadi kama asilimia 10. Faida ipo, ila si ile iliyokuvutia dukani.

Halafu kuna daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi. Nyuzi za chuma zikikazwa zote huvuta kwa takriban kilo 70, usiku na mchana, miaka yote. Niliwahi kuona daraja lililong'oka kwenye uso wa paulonia: gundi ilikuwa nzima, inang'aa, na chini yake umebaki utando wa nyuzinyuzi za mti zilizochanika. Gundi haikushindwa, ubao ndio ulioachia. Nyuzi za nailoni huvuta kiasi cha kilo 40, kwa hiyo huko paulonia ina nafasi nzuri zaidi.

Tukumbuke pia kwamba jaribio la Lancaster halikugusa uso, kwa hiyo anayelitumia kutetea uso wa mbao ngeni analilazimisha kusema lisilosema. Na uso ulio mwepesi mno hutoa sauti kwa kishindo kisha sauti hiyo hukatika mapema. Mpigaji wa flamenko anaitaka hali hiyo. Anayepiga nyimbo za taratibu ataona noti zinamfia mkononi. Fundi Greg Smallman wa Australia alifanya uso mwembamba sana, ukishikiliwa na vijiti vya balsa, mbao nyepesi mno, na nyuzi za kaboni, lakini mgongo na mbavu akaviacha vizito kwa makusudi.

Kwa hiyo mbao zisizozoeleka ningezitumia bila woga mgongoni, mbavuni na shingoni. Uzito ningeupunguza kwenye daraja, maana linakaa pale pale uso unapotikisika na kila gramu huhesabika. Daraja la mjozi (walnut) ni jepesi kuliko la Dalbergia na bado ni gumu vya kutosha. Uso ningeupima kwanza: nauweka ubao juu ya vigingi viwili, natua kilo moja katikati, nasoma umepinda milimita ngapi, kisha nauweka kwenye mizani. Ukipinda kupita kiasi unarudi rafuni, hata uwe mwepesi vipi.