Hela ya deki ifukie chini kwanza

Siku nilipomwambia mama kwenye simu kwamba huku Colorado, Marekani, nimepata kazi ya deki, alinyamaza kidogo halafu akasema haya mwanangu, kazi ni kazi, ila umesomea useremala miaka yote ile ukaishie kupiga deki za Wazungu? Nikacheka mpaka basi ndio nikamweleza kwamba deki ya huku sio ile ya tambara na ndoo, ni sakafu ya mbao inayojengwa nyuma ya nyumba, imenyanyuliwa kwa nguzo, watu wanakaa pale wanachoma nyama wanaangalia milima. Akasema ahaa, kumbe kibaraza. Basi kibaraza.

Nina miaka tisa sasa kwenye vibaraza hivyo, na leo nataka kusema kitu ambacho najua mafundi wenzangu wengine watanuna. Deki nyingi za milimani huku zinajengwa kwa ajili ya picha. Mtu akiniita nimpigie hesabu, maswali yake nayajua kabla sijashuka kwenye gari: mbao rangi gani, ya mti au ile ya plastiki, taa za kwenye ngazi zipo, ukingo wa pembeni uwe wa nyaya za chuma ili milima ionekane. Sijawahi kuulizwa shimo la nguzo litaenda chini kiasi gani. Hata siku moja, na nimeshapiga hesabu za watu wengi.

Mimi nimekulia Marangu. Theluji nilikuwa naiona kila asubuhi imekaa kule Kibo kama picha ya kalenda, sikuwahi kujiuliza ikishuka kwenye kiwanja cha mtu ikakaa miezi mitano inafanya nini. Kumbe shida kubwa haiko kwenye ile theluji unayoiona, iko chini. Udongo unaganda kuanzia juu kwenda chini, na pale baridi ilipofikia unaanza kunyonya maji kutoka chini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa, yale maji yakifika yanaganda, yanavutwa mengine nayo yanaganda, barafu inajijenga tabaka juu ya tabaka na chochote kilichokaa juu yake kinanyanyuliwa. Nguvu yake sio ya mchezo, inabeba zege na nguzo na boriti na wewe ukiwa umekaa na chai yako. Nyumba yenyewe hainyanyuki kwa sababu msingi wake umeshuka kuliko baridi inavyoshuka. Deki ndio inanyanyuka, maana kuna mtu kachimba shimo la magotini, kamwaga zege, kasimamisha nguzo, kachukua hela kaondoka.

Denver mjini sheria inataka msingi uende chini inchi 36, yaani futi tatu kamili, na Denver pamoja na kwamba iko mita 1,600 juu ya bahari kwa watu wa milimani hapo ni bondeni. Ukipanda kila kaunti ina kipimo chake na kuna zinazotaka zaidi ya hapo.

Sasa nitoe yangu. Mwaka wangu wa kwanza tulijenga deki kwa bibi mmoja kule Evergreen, milimani juu ya Denver, bosi wa wakati huo simtaji, hela zangu alinilipa zote. Mashimo mawili ya katikati nilikutana na jiwe kwenye futi mbili. Ungekuwa mwamba wenyewe wala isingekuwa shida, mwamba haunyanyuliwi na baridi, ila lile lilikuwa jiwe tu lililokaa kwenye udongo na chini yake udongo unaendelea, ukiligonga na mtaimbo unasikia kabisa. Bosi akachungulia akasema inatosha, kesho zege. Mimi ndio nilikuwa na sululu mkononi kwa hiyo lawama siwezi kumtupia peke yake, na ukweli nilifurahi maana mgongo ulikuwa umekwisha.

Mwezi wa tatu bibi akapiga simu, mlango wa kioo wa nyuma haufunguki. Tukapanda mimi na kaka mmoja wa Bukavu tuliyekuwa tunafanya naye kazi. Kwa macho deki ilikuwa safi tu, ungeipiga picha. Nikalaza pimamaji, lile povu likakimbilia upande wa nje likaganda huko. Tulikuwa tumejenga imelala kidogo kuelekea nje ili maji yaende zake, sasa imelala kuelekea nyumbani, maji ya theluji inayoyeyuka mchana yanatiririka mpaka kwenye kizingiti cha mlango na usiku yanaganda pale pale. Yule kaka akaingia chini kwa tumbo na tochi, nikamsikia anasema, "Ndugu, hii kitu inapanda." Nikamuuliza inapanda wapi. "Inapanda, kuja uone." Nikaingia nikaona. Zege za nguzo mbili za katikati zimechomoza juu ya udongo kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, zile nyingine zimetulia. Inchi moja na nusu hivi. Ndio imefunga mlango wa mtu.

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa mashimo. Na siku hizi kuna njia nzuri zaidi, zile skrubu kubwa za chuma zinazozungushwa ardhini kwa mashine mpaka zishike udongo mgumu chini kabisa, hakuna kusubiri zege ikauke, na baridi haina pa kushikilia vizuri kwenye bomba jembamba. Kama jiwe linaruhusu na hela ipo nashauri hizo. Ila sio kila kitu kiende chini futi nne jamani, kama unataka kijukwaa kidogo cha kuweka viti viwili, kiko karibu na ardhi na hakijashikana na nyumba, kiache kinyanyuke na kushuka na majira yake, hakimdhuru mtu.

Panapodhuru ni ukutani. Deki nyingi zimeegemea nyumba kwa ubao mmoja mrefu, Wamarekani wanauita leja, boriti zote zinaning'inia hapo. Deki zinazoanguka na watu juu yake mara nyingi zinachomokea hapo hapo, ama ule ubao ulipigwa misumari badala ya bolti, ama bolti zipo lakini mbao ya nyumba nyuma yake imeoza. Kule juu jua ni kali ajabu, theluji iliyojazana ukutani inayeyuka mchana inapenya nyuma ya leja, jioni inaganda, kesho tena, na tena, msimu mzima. Tuliwahi kubomoa deki ya zamani Conifer, nikachomeka bisibisi nyuma ya leja ikaingia mpaka mpini, kama unachoma ndizi iliyoiva. Mwenye nyumba alikuwa kasimama juu ya hiyo deki ananiuliza kama rangi tu haitatosha.

Dawa yake ni kipande cha bati la kukingia maji kilichoingia chini ya ngozi ya nyumba, yaani yale mabamba ya nje yanayofunika ukuta, na kushuka juu ya leja. Bei yake haifiki hata ya ubao mmoja wa plastiki. Na hata hilo bati lina mambo yake, kwa sababu mbao za dawa za siku hizi sio za zamani. Mpaka mwisho wa 2003 dawa ilikuwa na aseniki, ikaondolewa kwenye mbao za majumbani, zilizokuja badala yake zimejaa shaba, na shaba ikiwa na unyevu inakula chuma cha kawaida na aluminiamu inaitafuna kabisa. Kwa hiyo skrubu, bolti na vile vishikio vya boriti viwe vimepakwa zinki nzito au viwe chuma kisichoshika kutu. Nimeng'oa skrubu za jamaa mmoja aliyenunua zile za kazi za ndani ya nyumba, zilikuwa zimebaki nyembamba kama njiti ya kiberiti.

Uzito nao. Deki ya kawaida inapigiwa hesabu ya pauni 40 kila futi ya mraba, yaani deki ya futi 12 kwa 16 inatakiwa ibebe kama tani tatu na nusu. Sawa kwa pati. Lakini kuna wilaya za juu theluji peke yake inahesabiwa zaidi ya mara mbili ya hapo, na hapo bado paa la bati halijamwaga mzigo wake wote kwenye deki kwa mpigo mmoja, unasikia buum nyumba inatikisika. Machi 2021 hata Denver ilipata zaidi ya futi mbili, na theluji ya mwezi wa tatu sio ile pamba ya Januari, ni chepechepe, ukiinua chepe moja kiuno kinalia. Fundi anayeleta boriti zile zile anazotumia mjini, mrudishe mjini.

Mbao za plastiki sina ugomvi nazo, haziozi, ila zinarefuka na kufupika kwa joto na baridi kuliko mti. Tuliwahi kuzipiga siku ya baridi kali tukazibana mwisho kwa mwisho, Julai zikavimba kwenye viungio tukarudi kuzikata kwa aibu.

Halafu watu wetu wa Aurora, mji wa jirani na Denver. Mmeanza kununua nyumba, Mungu azidi kuwabariki, lakini hii ya kunipigia kaka njoo wikendi na washkaji wawili tuipige fasta, kibali cha nini, mimi sifanyi. Udongo wa huko una mfinyanzi unaovimba ukilowa, una visa vyake hata bila baridi. Na mjue jimbo la Colorado linatoa leseni kwa fundi umeme na fundi bomba, mkandarasi wa ujenzi anamalizana na mji au kaunti tu, kwa hiyo mtu akikwambia ana leseni muulize ya wapi. Halafu muulize shimo linaenda futi ngapi. Akianza kukuonyesha rangi za mbao, msindikize kwenye gari lake.

Kwa yule bibi wa Evergreen tulirudi mwezi wa sita. Jiwe tulilitoa siku nzima, kwa mtaimbo na mnyororo na matusi ya Kihispania ya wenzetu Wamexico, tukashuka futi nne. Inspekta akaja, akateremsha futi kamba, akasoma, akaweka saini, nusu dakika akaondoka. Nilisikia raha mpaka nikalipiga picha lile shimo, hakuna deki wala milima, shimo tu na sepetu pembeni, nikamtumia mama.

Akanijibu kwa voisi, sauti imeshuka kabisa: "Mwanangu, huko mmefiwa na nani?"