Linda Dégh na thamani ya mtu anayebisha

Wengi wakisikia kuna mtaalamu wa visakale, yaani visa vinavyosimuliwa kana kwamba vilitokea kweli, humdhania mtu anayeokota hadithi za kale kabla hazijasahaulika. Linda Dégh, aliyezaliwa Budapest mwaka 1918 na kufariki 2014, hakuishia hapo, na ndiyo maana namheshimu kuliko mtaalamu mwingine yeyote wa fani hii. Yeye alisikiliza hata wanaobishana.

Alianza na ngano. Katika kijiji cha Kakasd, Hungaria, walikohamishiwa Wahungaria waliotoka Bukovina, eneo la Ulaya Mashariki, alimkuta Zsuzsanna Palkó, mama wa kijijini aliyekuwa akisimulia hata kwenye mikesha ya matanga. Dégh hakutosheka na maneno ya ngano peke yake. Alitaka kujua msimulizi ni nani, kaipata wapi hadithi, na wanaomsikiliza wanaipokeaje. Mwaka 1954 Palkó alitunukiwa na serikali hadhi ya bingwa wa sanaa za jadi, na nasadiki kwamba subira ya mtafiti huyo ilichangia.

Katikati ya miaka ya 1960 Dégh alihamia Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Huko wasimulizi walikuwa wanafunzi wenye magari, na habari zao zilikuwa za muuaji mwenye ndoana badala ya mkono, anayewavizia wapenzi walioegesha gari gizani. Msomi mwingine angesema huo ni upuuzi wa vijana. Dégh alianzisha jarida la Indiana Folklore mwaka 1968 na kuvichambua humo visa vya namna hiyo kwa uzito uleule aliowapa wazee wa Kakasd.

Hapo ndipo lilipokomaa wazo lake kubwa. Mmoja anaapa kwamba yalimkuta rafiki wa binamu yake, wa pili anaguna, wa tatu anauliza ni barabara ipi hiyo. Kwa Dégh, mabishano hayo yote ndiyo kisakale chenyewe: swali la kama jambo hili linawezekana au la. Anayesema "uongo huo!" ni msimulizi pia. Naona ni kosa kubwa kwamba hadi leo wakusanyaji wengi huandika kisa na kumfuta aliyekipinga.

Mwaka 1983, pamoja na mumewe Andrew Vázsonyi, alieleza pia jinsi watu wanavyoweza kukitenda kisa walichokisikia. Jambo hilo halina mzaha. Texas, mwaka 1974, baba mmoja alimuua mwanawe kwa peremende yenye sumu usiku wa Halloween, sikukuu ambayo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, akitegemea kwamba hofu iliyokwisha kuenea kuhusu wageni wanaotia sumu peremende ingemfunika.

Kitabu chake kikubwa kuhusu visakale na imani, Legend and Belief, kilitoka 2001, akiwa na zaidi ya miaka 80. Kwa anayetaka kuelewa kwa nini habari zisizothibitishwa husambaa mitandaoni, ningemwambia aanze na hicho, na wanaobisha chini ya habari hizo awasome kwa makini kama anavyomsoma aliyezileta.