Spika za bei mbaya na mziki wa RTD

Jamani huku Hamburg nna mzee mmoja wa Kijerumani tunafanya nae kazi, sebuleni kwake spika zinanifika kifuani, waya wa kuungia tu bei yake unachukua bodaboda mpya. Nikamuwekea Siti binti Saad, yule bibi wa taarab wa Zanzibar, zile santuri alizorekodi Bombay 1928, mi mwili unasisimka, yeye swali la kwanza: hamna kopi safi zaidi ya hii?

Sio ubaya. Ni maisha ya huku tu. Ikifika saa nne usiku kelele mwisho mpaka saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili ndo kutwa nzima, jirani hachelewi kugonga mlango. Kwahiyo mtu anasikiliza peke yake, hedifoni masikioni, kimya, na hedifoni zinaumbua bana, kila mkwaruzo unausikia. Bongo nani anasikiliza hivyo? Daladala bezi inatingisha vioo, baa spika imepasuka koni inakoroma na watu wanaimba kuliko hiyo spika yenyewe, na hakuna anaeuliza habari ya kilobiti, yaani faili la mziki limebanwa kiasi gani.

Ila wale wanaosema ubora wa sauti ni mambo ya wazungu nao nawapinga. Dansi letu limejengwa kwa magitaa kujibizana, solo anauliza rithimu anajibu bezi anawachunga wote wawili, sasa kopi ikiwa mbovu rithimu ndo wa kwanza kufukiwa, unabaki na mwimbaji na vumbi, hapo nusu ya wimbo hujaisikia na hata hujui kama hujaisikia.

Na RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, tunawaonea tu tukisema walirekodi vibaya. Bendi za miaka ya 70 ziliingia studio pale Pugu Road zikapiga wote kwa pamoja, maiki chache, mono, sauti inaenda kwenye tepu moja kwa moja, mbona ukipata kopi iliyotoka karibu na tepu yenyewe unashangaa, tumba unazisikia mpaka kiganja kinavyogusa ngozi. Kilichoziua ni sisi na madeki yetu, kaseti ya kurekodi redioni, jirani akadabu, mwenzie akadabu kwa huyo jirani, kila hatua tribo, zile sauti za juu, inapungua na ule mvumo wa tepu unaongezeka, afu miaka imepita kuna mtu kaigeuza mp3 ya kilobiti 64 kaitupia kwenye magrupu ya WhatsApp, leo kijana anaisikia anakwambia wazee walikuwa wanarekodi vibaya!

Wanaonikera zaidi ni hawa "wasafishaji" wa mtandaoni. Programu inafuta mvumo kweli, lakini inaondoka na matoazi na manyanga, maana vyote vinakaa kwenye sauti za juu kulekule, mwimbaji anabaki kama anaimba ndani ya ndoo. Bora muniachie mvumo wangu. Alie na kopi nzuri ya Marijani Rajabu, yule mwimbaji wa dansi, ambayo hao wasafishaji hawajaigusa, aje inbox.