Paka wa Mtaa Mzima, Lawama za Bi Mkubwa

Jumamosi iliyopita jirani mmoja alirusha ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, dakika tatu na ushei, kuhusu nyumba ya Bi Mkubwa. Harufu ya mkojo wa paka. Kelele za usiku. Viroboto. Wageni wake wa kutoka Nairobi, masikini, walishindwa kumaliza biriani upepo ulipogeuka. Chini yake vikafuata vidole gumba, kidole juu ya kidole. Mmoja akataka afisa wa afya aitwe. Mwingine, yule ambaye kila akitaka kumvunjia mtu heshima huanza na "kwa heshima zote", akauliza kwa heshima zote kama mama wa watu hajaanza kuchanganyikiwa.

Nililitazama tena jina la yule wa kwanza, nikacheka peke yangu. Huyu! Ramadhani ya mwaka jana nilikuwa nimeketi barazani kwa Bi Mkubwa tukingoja adhana ya magharibi, mtoto wa mama huyu huyu akaja na katoni ya biskuti iliyotobolewa matundu kwa kisu. "Shikamoo bibi. Mama akusalimu. Asema hawa wako, kwa vile wewe wapenda paka." Akaitua chini, akatimua mbio kabla hajaitikiwa marahaba. Ndani mlikuwa na vijipaka wanne, macho hayajafunguka, mmoja ameshapoa.

Basi leo tusemezane.

Nyumba yenye paka zaidi ya ishirini haianzi na mwenda wazimu anayezurura usiku na gunia. Huanza na mtu mmoja ambaye mtaa umeshagundua kwamba hajui kusema hapana. Nilipokuwa shule ya upili Bi Mkubwa alikuwa na paka watatu, wenye majina, wanene, wanaolala juu ya cherehani. Waliobaki wote tumempelekea sisi. Wapangaji waliohamia ghorofa za Nyali ambako mwenye nyumba hataki wanyama. Mwenye duka aliyekuta paka amezaa juu ya majora ya vitambaa. Bwana aliyeoa mke mwenye pumu. Wote hao walitoka mlangoni pale wamejaa thawabu: hawakumtupa paka jalalani, wamempeleka "kwa mtu wake". Hakuna aliyeacha hata robo kilo ya dagaa. Tenda wema wende zako, na kweli walikwenda zao.

Halafu hao hao ndio wenye pua.

Mnajua lakini kumlea kijipaka asiyefungua macho ni kazi gani? Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kuharisha ndiko kunakomuua. Kuna maziwa yake maalumu, yanauzwa kwa bei ambayo ungedhani yamekamuliwa katika zizi la Sultani. Humpa kila baada ya saa mbili tatu, mchana na usiku. Hata kukojoa hawezi mwenyewe. Mama yake humlamba mpaka akojoe, na mama asipokuwepo wewe unachukua pamba, unaichovya kwenye maji ya uvuguvugu, unampapasa taratibu chini ya mkia mpaka kitone kitoke. Nilimwona Bi Mkubwa akifanya hivyo, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, kabla ya daku na baada ya daku, na mchana amefunga. Kati ya watatu waliokuwa hai katonini, alipona mmoja. Aliyewaleta hakuuliza hadi leo.

Na hawaishi kuja kwa sababu hawaishi kuzaliwa. Kule Ulaya paka ana msimu. Jike huamshwa na urefu wa mchana, siku zikiwa fupi hutulia, na watu wakapumua miezi kadhaa. Hapa kwetu, kusini kidogo mwa ikweta, jua huchomoza saa kumi na mbili na dakika zake na kuchwa saa kumi na mbili na dakika zake mwaka mzima, kwa hiyo paka wetu hawajui Januari wala Julai. Jike wa miezi minne au mitano anaweza kushika mimba. Hubeba miezi miwili na siku chache, huzaa watatu, wanne, watano, na kabla hajawaachisha hao kunyonya anaweza kuwa na mimba nyingine. Piga hesabu ya jike mmoja kwa mwaka mmoja, kisha uhesabu majike walioko kati ya Fort Jesus na Marikiti. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mwenye kuuza mahamri, ndiye tumemkabidhi hesabu hiyo.

Sasa nimgeukie Bi Mkubwa mwenyewe, ingawa ningependa kuliacha.

Harufu ipo. Nasema hivyo shingo upande, lakini ipo. Ukipanda ngazi macho yanaanza kuwasha kabla hujafika juu. Wanaojua mambo haya hushauri vyombo vya choo viwe idadi ya paka na kimoja cha ziada. Bi Mkubwa ana mitungi sita ya mafuta ya kupikia, imekatwa ubavu na kujazwa maranda ya kwa seremala. Anaimwaga asubuhi na jioni, na haitoshi, haiwezi kutosha. Na wote wako chumba kimoja cha juu, dirisha limewekewa wavu, kwa sababu miaka miwili nyuma kuna mtu mtaani alitishia kutega sumu, na yeye akaamini. Mimi pia niliamini.

Paka si mbuzi. Huwinda peke yake na hupenda kujua mpaka wake uko wapi. Mbane na wenzake ishirini, hatapigana kila siku, aghalabu atanyamaza. Kuna mmoja wa rangi ya chungwa hukaa juu ya kabati kutwa nzima, na kila mgeni husema, tazama alivyotulia. Hajatulia. Chini kuna dume shume lenye sikio lililochanika, limelala ubavuni mwa sahani, na yule wa juu hushuka kula likisinzia. Mgongo wake ukiushika unahesabu pingili.

Maradhi yenyewe hayahitaji mwaliko. Mafua ya paka yana kirusi ambacho mnyama akishakipata hubaki nacho mwilini, na akisongwa na mawazo kinaamka tena: kupiga chafya, tongotongo, jicho linafunga. Sasa katika chumba kile nani asiyesongwa? Kuna na ugonjwa mwingine mbaya zaidi, wa kutapika na kuharisha, unaofyeka vijipaka kwa siku chache. Kirusi chake kinaweza kukaa sakafuni hata mwaka mzima, na sabuni ya kawaida hakiitambui, kinataka jiki. Kila katoni inayoachwa mlangoni inaweza kuwa imekibeba. Kwa hiyo wewe unayeleta mmoja ili "aokolewe", huenda unawaua watano waliokwisha kuokolewa.

Sisi wa Pwani ikitajwa habari ya paka hukimbilia dini upesi. Utaambiwa Abu Huraira, sahaba wa Mtume, na kijipaka chake. Utaambiwa paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Kweli tupu, wala sina neno. Ila mimi nikiipanda ngazi ile hadithi inayonijia ni nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tumezoea kuisimulia kama habari ya mtu katili, na kwa kuwa sisi tunalisha, tunajiona tuko ng'ambo salama. Irudieni. Alimfunga. Hakumlisha, na wala hakumwacha akajilia wadudu wa ardhini. Paka yule angefunguliwa mlango tu, asingehitaji huruma ya mtu yeyote.

Simfananishi Bi Mkubwa na mwanamke yule, Mungu apishe mbali. Bi Mkubwa hulisha kabla hajala. Alfajiri anakwenda kupanga foleni ya vichwa vya samaki kwa pesa ya mahamri, na nimemwona akirudi na begi la samaki kubwa na la unga dogo. Lakini mlango umefungwa, na ufunguo uko kwenye leso yake, na ana sukari na presha. Siku akilazwa, nani atapanda ngazi? Yule wa "kwa heshima zote"?

Ndiyo maana nilimwambia, na nikamwudhi: Bi Mkubwa, kuanzia leo usipokee tena. Akanijibu, "Nisipopokea mimi watamtupa baharini, wewe mtoto." Pengine ni kweli. Lakini paka wa thelathini akiingia chumba kile hapati nyumba, anapata zamu ya kuugua. Paka wa uchochoroni aliyefungwa kizazi, akachanjwa, na kuna mtu mmoja anamwekea makombo, ana maisha bora kuliko yule wa juu ya kabati. Lamu wana paka kutushinda, na kule kuna kliniki ya wanyama inayowahasi wa mitaani na kuwarudisha walikotoka. Wanakaa gatini wakingoja wavuvi, kila mmoja na mashua yake. Hakuna anayewaita wa fulani.

Mtasema serikali. Mwanzoni mwa 2024 kaunti ya Nairobi ilipokuja na mswada wa leseni ya paka, shilingi 200 kwa mwaka, nchi nzima ilicheka. Nami nilicheka, hasa nilipofika pale pa kumtaka mwenye paka ahakikishe mnyama wake halii kwa namna ya kuwasumbua majirani. Nani atamfundisha paka adabu ya kulia? Lakini ndani ya mswada ule ule kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa paka, na hilo halikuwa la kuchekwa, kwa sababu paka naye huupata ugonjwa ule na akiuma huuambukiza. Tulitupa yote kapuni pamoja na vichekesho. (Na kwa taarifa yenu, paka usiyemjua akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Usianze kutafuta manjano.)

Wajawazito mnaoogopa, mna haki kiasi. Kuna kijidudu kwenye kinyesi cha paka ambacho huhitaji siku moja au zaidi hadi kiweze kuambukiza, basi choo kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva nayo inacho, lakini sijaona ujumbe wa sauti wa dakika tatu kuhusu mishikaki.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki, na nimekiandika kwenye grupu nikajibiwa na watu wawili. Wale wote waliopeleka paka pale, na orodha ninayo kwa sababu Bi Mkubwa humkumbuka kila paka na nani alimleta, wachangie kuwafunga kizazi wa chumba kile, majike kwanza. Ni pesa, sikatai. Mtaa huu ulikusanya pesa za taa za Maulidi kwa siku mbili. Kisha wavu wa dirisha utolewe, ngazi ifunguliwe, na yule mwenye sumu yake ajue kwamba kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, na kwamba hapa watu wanajuana hadi kwa kikohozi.

Majike hayana mabishano. Matata ni madume. Kuna shume mwingine mtaani, si wa Bi Mkubwa hata kidogo. Ana mwenyewe, bwana mmoja wa nyumba ya pili, ambaye hujisifu kwamba paka wake "ni simba" na ambaye watoto wa simba huyo wamejaa kila ngazi ya mtaa. Nilipomgusia kumhasi alirudi nyuma hatua moja kama niliyemtaja yeye. Dume zima? Umkate uanaume wake? Dhambi hiyo. Nikamweleza kwamba wapo wanazuoni walioruhusu pakiwa na maslahi na pasipo madhara, amwulize imamu wake. Akasema hata hivyo, roho yake haiwezi, ana huruma sana.

Mwezi uliopita tulikuwa naye kwenye harusi ya mwanawe. Palichinjwa ndafu wawili, mafuta yanawatiririka, waliohasiwa tangu wadogo ili wanone. Mwenye huruma alikula ubavu mzima, akaomba na wa kufungiwa.