CA 125 ilivyotaka kutuuzia kiwanja

Majibu yalifika kwenye simu ya binamu yangu saa mbili usiku, picha ya karatasi yenye ukungu: CA 125, kiashiria cha saratani kinachopimwa kwenye damu, na pembeni mshale umeelekea juu. Kabla ya saa tatu ukoo mzima, kuanzia Ujiji hadi Kasulu, ulishajua shangazi ana saratani. Binamu akaanza kutafuta mteja wa kiwanja.

Shangazi anauza dagaa Kibirizi. Kikohozi kilitangulia, kisha akawa hawezi kulala chali, na picha ya kifua ikaonyesha upande wa kulia mweupe pe. "Maji kwenye mapafu," tukaambiwa. Kwa kweli maji hayo hukaa nje ya pafu, kati ya utando wake na utando wa ukuta wa kifua. Walimtoa lita moja na nusu, ya manjano, yenye povu juu. Akaitazama ndoo. "Mwanangu, kumbe nilikuwa nazama nchi kavu?"

Aliyetushauri tupime CA 125 kwenye damu hakuwa na nia mbaya. Ila nina ugomvi na kipimo hicho kwa mgonjwa wa aina hii, kwa sababu utando wa kifua na wa tumbo ukichokozwa tu, seli zake zenyewe huitoa CA 125. TB huipandisha. Moyo ukishindwa kazi, inapanda. Ini likisinyaa na tumbo kujaa maji, vilevile. Ni sawa na kumkuta mtu amesimama ziwani, ukamuuliza kama kalowa mvua.

CEA, kiashiria kingine cha saratani, ni habari nyingine. Gold na Freedman waliigundua Montreal mwaka 1965, na ikiwa juu sana ndani ya maji yenyewe ya kifuani, na hakuna usaha, hapo hata mimi nitakaa chini niiwaze saratani. Ikiwa chini haikupi amani yoyote: mesothelioma, saratani ya utando huohuo, kwa kawaida haiipandishi, na limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, pia.

Kwa hiyo kama hela ni ya kuhesabu, na kwetu ni ya kuhesabu, ya kwanza iende kwenye maji. Yapimwe ADA, kimeng'enya kinachopanda kwenye maji ya TB, zitazamwe aina za seli, na ifanywe saitolojia, yaani kusaka seli za saratani kwa hadubini, ambayo kwa sampuli moja huwanasa takribani 6 kati ya wagonjwa 10 wenye saratani. Ikirudiwa huongeza kidogo. Shaka ikibaki, kikatwe kinyama cha utando. Viashiria vya saratani vije nyuma ya hayo, vikisaidia.

Sisi tuliokolewa na daktari kijana aliyeuliza swali moja: "Maji yenyewe mliyapeleka wapi?" Hatukuyapeleka popote, yalishamwagwa. Shangazi akachomwa sindano tena, safari hii akinuna, na chupa ikapanda basi la Mwanza ndani ya kiboksi cha barafu. ADA ilirudi juu kabisa ya 40, mpaka unaotumiwa na wengi. Seli zilikuwa limfosaiti tupu, aina ya chembe nyeupe za damu; za saratani hazikuonekana. Akaanzishiwa dawa za TB, miezi sita, bila kulipa hata shilingi.

Sasa hivi yupo Kibirizi anagombana na wateja kuhusu kipimo cha sado. Mteja wa kiwanja bado anampigia binamu simu.